Talaka Katika Fomu ya Msaada

Katika utumishi wangu nilivunja ndoa ya watu iliyodumu zaidi ya miaka thelathini, au sikuivunja. Jambo hilo bado liko mbele ya kadhi. Mimi si kadhi, si wakili, wala si mjomba wa mke. Nilikuwa bwana shamba. Chombo nilichotumia ni kalamu ya wino wa buluu, na mahali nilipoitumia ni kisanduku kimoja cha fomu, ambacho upana wake unatosha neno moja tu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyinyi vijana mliobaki idarani mliniomba niandike machache kuhusu kazi, na najua mlikuwa mnataka habari za mbegu na dawa za wadudu. Zimo, lakini si nyingi. Habari za vyeo sitaziandika kwa sababu ni fupi, na za mshahara sitaziandika kwa sababu ni fupi zaidi.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya themanini. Nilitoka nyumbani Mkunazini asubuhi kwa miguu, shati langu limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu ambayo mimi sikupata kuyaona ila katika mazungumzo ya shangazi zangu, kwa hivyo waliposikia nimeajiriwa kwenda kuwafundisha watu kulima, walicheka mpaka wakaomba maji. Sikuwalaumu. Mkono wangu ulikuwa haujapata kushika kitu kizito kuliko mwavuli.

Afisini nilipokewa na Bi. Zakia, karani wa masjala, mwanamke mfupi aliyekuwa akifunga mafaili kwa ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, badala ya kamba za serikali, kwa sababu kamba za serikali zilikuwa hazijafika.

"Shikamoo, Bi. Zakia."

"Marahaba. Muhogo unaujua?"

"Naam. Naula."

"Basi umewashinda wawili waliokutangulia," akasema, akanipa daftari.

Bi. Zakia ndiye aliyenifundisha kazi, si chuo. Alinifundisha kwamba ukitaka kujua mtu ana mbuzi wangapi usimuulize, hesabu kamba. Ukitaka kujua kama nyumba imekula jana, usitazame chungu, tazama majivu. Na ukijaza fomu, andika neno alilolisema mtu. "Usiandike ulilolifahamu," alikuwa akisema. "Ulilolifahamu ni lako, nenda nalo kwenu." Nililiandika hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na katika miaka yangu yote kazini nililivunja mara moja.

Nilipangiwa vijiji vya kusini na mashariki, kule kwenye maweni. Wale mnaotoka upande wa mikarafuu mjue kwamba ardhi ya kule si udongo wenye mawe bali ni jiwe lenye udongo. Mkulima anatafuta kishimo baina ya mawe, anakipanua kwa mtaimbo, anatia shina la muhogo, kisha anakwenda kutafuta kishimo kingine. Shamba lake huwezi kulijua kama ni shamba mpaka akuoneshe, na akishakuonesha unaona haya kwamba ulipita juu yake.

Msaada wa kwanza nilioupeleka kule ulikuwa majembe. Majembe mazuri, mapya, yamepakwa rangi nyekundu, na yametengenezwa na watu ambao kwao ardhi ni laini kama mkate wa boflo. Mzee mmoja alipiga lake mara moja chini mbele yangu ili nione mwenyewe. Lilitoa cheche. Alinishukuru kwa adabu kubwa, akaondoka nalo, na niliporudi baada ya miezi miwili nikakuta kijiji kizima kinayatumia majembe yale kuchimbia mashimo ya kuozeshea makumbi ya nazi ufukweni, ambako kuna mchanga. Katika ripoti niliandika: majembe yanatumika. Ilikuwa kweli.

Baada ya majembe zikaja pampu za kupulizia dawa. Dawa yenyewe haikuja. Kwa hivyo pampu zilitumika kupulizia chokaa kwenye kuta wakati wa harusi, na mpaka leo ukipita vijiji vile utaona kuta zilizopakwa sawasawa kuliko za mjini. Kisha yakaja majembe ya kukokotwa na ng'ombe, bila ng'ombe. Sitaendelea. Nimeyataja haya ili mfahamu tulikuwa katika hali gani pale ulipokuja mradi wa fedha.

Mradi wenyewe sitautaja jina. Ulikuja katika miaka hii ya elfu mbili, baada ya misimu miwili mibaya ya mvua, na watu wake walikuwa na wazo ambalo lilitushangaza sote afisini: wampe mkulima fedha mkononi, wasimuulize atazifanyia nini. Mkubwa wetu aliapa kwamba zitaishia kwenye ngoma. Ndiye aliyegawa pampu.

Tulipewa mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli pale Forodhani. Siku ya kwanza nzima ilikuwa juu ya neno moja, kaya. Mkufunzi alitueleza kwamba kaya ni watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, na kila kaya itapata fungu moja. Mume na mke ni kaya moja. Mwanamke asiye na mume, akiwa ameachwa au amefiwa, ni kaya yake mwenyewe na fungu lake mwenyewe. Nilinyoosha mkono nikauliza: na mume na mke wenye paa mbili na chungu kimoja? Mkufunzi alitafuta katika kitabu chake kwa muda, akasema hakuna watu kama hao. Nilikuwa nikiwajua.

Mzee Pandu na mkewe Bi. Mize walikuwa wakulima wa muhogo, choroko na nyanya kidogo, ambazo sisi tunaziita tungule. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa na kuhama, na nyumbani walibaki na wajukuu wawili wa kike wa binti yao mkubwa, Asha. Mama yake Bi. Mize alipofariki alimwachia bintiye nyumba, hatua ishirini kutoka ile ya Mzee Pandu, na Bi. Mize hakukubali ianguke. Akahamia na vyombo vyake. Mumewe akabaki kwake na redio. Chakula kilipikwa kwa mke, mume akaenda kula, kisha akalala hapa au pale. Waliishi hivyo miaka mingi na hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu.

Siku ya uandikishaji tulikaa barazani kwa sheha, mkuu wa kijiji, chini ya mabati, mimi na fomu zangu, sheha na muhuri wake, na foleni ya watu iliyofika mpaka kisimani. Ilikuwa masika. Mzee Pandu alikaa mbele yangu, shavu limejaa tambuu. Bi. Mize alikaa pembeni kwenye mkeka, anasuka ukili.

"Mzee, unalala wapi?" nikauliza, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyotaka.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Maneno ya mchana."

Watu wakacheka. Bi. Mize hakuinua macho kwenye ukili wake. "Mwandike kwangu," akasema. "Kwake kunavuja."

"Lakini kuna paa mbili, Bi. Mize. Fomu inataka mume na mke wawe na paa moja."

"Basi aliyeitunga hajaoa," akasema Mzee Pandu.

Nyuma yake mtu mmoja akasema kwa sauti, wala sikujua ni nani, "Mwanamke asiye na mume anaandikwa peke yake, mzee. Anapata fungu lake." Kila mtu alikuwa anajua hivyo na kila mtu alikuwa anangoja aone nani atakuwa wa kwanza kulisema.

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo nimeyafikiria sana tangu siku ile. Nilikuwa nimechoka, na foleni ilikuwa ndefu. Nikasema, "Mzee, hapa kwenye hali ya ndoa pana nafasi ya neno moja. Bi. Mize umemwacha au hujamwacha?"

Mvua ikashuka kwa nguvu juu ya mabati. Bi. Mize akatupa ukili akasimama. "Sema lolote, Baba Asha, twende zetu," akasema. "Choroko zangu zinarowa."

Mzee Pandu akanigeukia na tambuu lake, akasema neno moja. Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nikaandika: Ameacha. Sheha akapiga muhuri, Mzee Pandu akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha mume na mke wakakimbilia choroko zao chini ya mwavuli mmoja.

Nilijua nililolifanya? Nusu. Nilijua kwamba jioni ile watakula chungu kimoja. Nikajiambia kwamba fomu haina kisanduku cha watu hawa, na nikiwaacha nje kwa kosa la fomu nitakuwa nimewadhulumu. Hivi ndivyo mtu wa afisi anavyojieleza, na mtajikuta mnajieleza hivyo hivyo.

Sasa niwaambie fedha zile, fungu lake na fungu la mkewe, zilifanya nini, kwa sababu mkubwa wetu alikuwa amekosea, na haki ni kulisema. Kabla ya mradi, Mzee Pandu alikuwa akiuza muhogo wake ukiwa bado ardhini. Mchuuzi wa soko la Mwanakwerekwe alikuja mapema, akatazama majani, akataja bei yake, na mzee akakubali kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha ndani. Msimu ule hakukubali. Alimwambia mchuuzi, "Rudi ukishaiva." Mchuuzi alidhani amekosea nyumba. Muhogo uliachwa mpaka ukajaa, na Mzee Pandu akaupeleka sokoni mwenyewe, akakaa karibu nao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anawaambia wanunuzi bei yake kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Alinunua mtaimbo mpya. Aliweka vijana wawili wa kumsaidia kupanua vishimo, na tungule zake zikawa nyingi mpaka akaanza kuzungumza juu ya tungule kwenye mazishi.

Bi. Mize alinunua mabati, akaezeka nyumba ya mama yake, na akanunua mbuzi. Nilihesabu kamba: nne. Wajukuu wakarudi skuli na viatu. Mkubwa wao alikuwa ameacha kwenda kwa sababu ya sare, na mwalimu alimwambia bibi yake kwamba mtoto amerudi akiwa anajua hesabu kuliko walipoachana, kwa sababu ya kuuza ndimu.

"Zamani nikitaka kanga nilikuwa nikisema na huyu siku tatu," aliniambia Bi. Mize siku moja, mumewe amekaa hapo hapo. "Sasa nasema na muuza kanga."

"Na mimi napumzika," akasema Mzee Pandu.

Kila baada ya miezi mitatu ilinibidi nihakiki. Nilifika kwa Bi. Mize, nikakaribishwa chakula, tukala muhogo wa nazi na papa sote pamoja, kisha nikanawa mikono, nikatoa fomu nikawauliza kama hali ya ndoa imebadilika. Mzee Pandu alijibu, huku anajichokonoa meno, "Vile vile." Akatia dole gumba. Bi. Mize naye akatia lake, kisha akamuuliza kama ataongeza mchuzi. Nilifanya hivyo mara mbili na sikuona haya kiasi nilichostahiki.

Kisha mradi ukaleta kanuni mpya ya uwazi. Orodha ya wanaopokea ilitakiwa ibandikwe hadharani, pamoja na hali zao. Niliibandika mwenyewe kwenye ukuta wa skuli, kwa gundi ya unga wa ngano. Mstari wa kumi na sita ulisomeka: Mize, mtalaka.

Kijiji kile kilikuwa na ustadhi kijana, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu makini ambaye hakusafiri bila kitabu. Aliusoma ukuta Ijumaa. Jioni alimsimamisha Mzee Pandu njiani, na maneno yao niliyapata kwa wote wawili na yanalingana.

"Mzee wangu, unaishi na mtalaka wako?"

"Ile ni ya fomu, ustadhi."

"Talaka haina ya fomu, mzee. Talaka ya mzaha ni talaka, na ya kweli ni talaka. Ulitamka?"

"Nilitamka kwa bwana shamba."

"Bwana shamba ana masikio?"

"Anayo."

"Basi umetamka." Kisha akahesabu miezi kwa vidole. Eda, ile miezi ambayo mume anaweza kumrejea mkewe, ilikuwa imeshapita. Kama neno lile lilikuwa talaka, basi tangu hapo hawakuwa mume na mke tena, na muhogo wa nazi tulioula ulikuwa umepikwa na mwanamke kwa ajili ya wanaume wawili wa kando.

Mzee Pandu alicheka. Bi. Mize hakucheka. Alikuwa mtu wa dini kwa utaratibu wake, na aliposikia maneno ya ustadhi alikwenda ndani, akatoka amejitanda ukaya kichwani, akamwambia mumewe arudi kwake mpaka jambo lijulikane. Hakupiga kelele. Alimwita "Mzee Pandu." Aliniambia mwenyewe Mzee Pandu kwamba katika mambo yote hilo ndilo lililomuuma, kuitwa jina lake na mtu ambaye kwa miaka yote alimwita Baba Asha.

Mzee akaanza kupika mwenyewe, au tuseme kuchemsha. Kila adhuhuri Bi. Mize alipika chakula cha kutosha watu wanne, akapakua sahani tatu, yake na za wajukuu, na fungu la mtu wa nne akampa mbuzi. Mzee Pandu alikuwa akikaa mlangoni kwake akimtazama mbuzi.

Wiki zile zile akaja mkaguzi wa mradi kutafuta kaya za uongo. Nilijua anakwenda wapi, na usiku wake sikula. Alifika akakuta paa mbili, vyungu viwili, majivu mahali pawili, na mwanamke aliyejifunika ambaye hakukubali hata kusimama upande mmoja na jirani yake. Alivipiga picha vyungu vyote viwili. Katika ripoti yake aliandika kwamba kati ya vijiji vyote alivyokagua, uandikishaji wangu ndio uliolingana na hali halisi, na nikapewa barua ya pongezi. Ninayo. Ndiyo barua ya pekee ya pongezi niliyopata kazini.

Halafu ikaja posa. Bwana Vuai, mchoma chokaa, mgane, mtu mpole asiye na maneno mengi, alimtuma dada yake na barua kwa kaka wa Bi. Mize. Watu walimsema vibaya, lakini hakufanya kosa. Aliusoma ukuta wa skuli kama watu wengine.

Siku ya tatu baada ya posa Mzee Pandu alikuja afisini kwangu mjini. Tangu tujuane hakuwa amefika. Alivaa kanzu na koti, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Niandikie fomu ya kurudisha," akasema.

"Haipo, mzee. Iliyokwisha kuandikwa inabadilishwa huko kwa watu wa mradi, kwenye mashine."

"Basi waandikie wenye mashine kwamba sikumwacha."

"Hujamwacha?"

"Wewe ndiye uliyemwacha," akasema. "Mimi nilikuja kuandikishwa."

Nilimwagizia chai. Nikamwambia jambo jepesi, jinsi nilivyodhani: kama kuna talaka ni moja, eda imekwisha, basi amuoe upya kwa mahari mapya na mashahidi, na mambo yatakwisha. Akanitazama kama nilivyotazamwa siku ya majembe.

"Nimuoe vipi mke wangu? Nikimuoa leo nimekiri kwamba nilimwacha. Na miezi ile yote nilipokuwa nikilala kule, watasema nilikuwa nikilala kwa nani? Asha watamwambia nini?" Hakunywa chai.

Nikaenda kwa Bi. Mize. Nilimkuta anawafunga mbuzi, na sasa kamba zilikuwa saba. Nilitaraji kumkuta amekonda, lakini hakukonda hata kidogo.

"Unamtaka Bwana Vuai?" nikamuuliza, kwa kuwa umri wangu ulikuwa unaniruhusu.

"Sijui kama nina ruhusa ya kumtaka mtu au sina. Ndilo ninalolitaka. Kujua." Akakaza fundo. "Kama sikuachwa, naye ni mume wangu, arudi ale, yule mbuzi kanenepa bure. Kama niliachwa, basi niliachwa, na anayenitaka atie mahari. Awe yeye, awe mwingine. Mahari yangu ya kwanza yalikuwa godoro na ahadi. Godoro lilikuja."

"Na moyo wako, Bi. Mize?"

"Moyo wangu haumo kwenye fomu," akasema. "Usiuandike."

Yeye na Mzee Pandu wakakubaliana kwenda kwa kadhi, kila mmoja kwa daladala yake. Niliitwa shahidi. Kadhi alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikuwa na nakala ya fomu mezani, na aliisoma yote, pamoja na idadi ya kuku.

Mzee Pandu alisema kwamba siku ile alitamka "ntamwacha." Yaani nitamwacha. Alikuwa anatania, mke alikuwa anamharakisha, akatoa kitisho cha mchezo kama mume yeyote aliyekaa kwenye foleni. Bi. Mize aliulizwa alisikia nini. Alisema alisikia kama "nshamwacha," lakini hawezi kuapa kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na masikio yake yalikuwa kwenye choroko. Sheha alisema alikuwa anatafuta wino wa muhuri. Waliocheka walikumbuka kucheka tu.

Wasomaji wa mbali wasione ajabu. Sisi wa hapa hatuna subira na maneno marefu. Nimeshamwacha kwetu ni nshamwacha, na nitamwacha ni ntamwacha, na ukiyatamka na tambuu mdomoni hakuna kinachoyatenga ila pumzi kidogo mwanzoni. Lakini kwa kadhi, la pili ni ahadi tu na haliangushi kitu. La kwanza ni mtu anayekiri kwamba jambo limeshakuwa. Ustadhi, ambaye naye alikuja, alitaka na madole gumba ya uhakiki yahesabiwe, ili ziwe tatu, na ikiwa ni tatu basi hata ndoa mpya haiwezekani baina yao mpaka aolewe kwanza na mtu mwingine. Kadhi alimwambia asubiri. "Tuanze na neno la mwanzo," akasema. "Likithibiti kuwa talaka, ndipo tutahesabu vidole."

Kisha akanigeukia. "Neno hili, ameacha, nani aliliandika?"

"Mimi, sheikh."

"Na nani alilitamka?"

"Mzee Pandu alitamka neno, nami nikaandika hili."

"Sikukuuliza ulilolifahamu. Nakuuliza ulilolisikia."

Bi. Zakia alikuwa amefariki zamani, na nilimshukuru Mungu kwamba hayumo chumbani. Kadhi alinipa muda nikafikiri, akasema nikirudi nitaapa.

Nimefikiri. Nilifanya hata majaribio. Niliegemeza bati uani, nikafungulia mpira wa maji juu yake, nikataka mtu anitamkie maneno yale mawili kwa kuyachanganya nione kama nayatambua. Mke wangu alikataa kata kata, na mimi sikuthubutu kuyatamka mbele yake. Ikabidi nimtafute jirani ambaye hajaoa. Alisimama nyuma ya bati na tambuu mdomoni akatamka mara ishirini. Niliandika: nshamwacha mara kumi na moja, ntamwacha mara tisa. Nilipomuuliza akasema alikuwa anatamka neno moja tu mara zote ishirini, lakini ameshasahau lipi.

Wiki iliyopita nilikwenda kijijini kuaga. Mzee Pandu alinisindikiza mpaka barabarani na kapu la tungule. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mtu mzima, najua thamani ya nyumba ya mtu, na kwamba kusikia ntamwacha hakutanipunguzia kitu. Ni kweli kwamba hakutanipunguzia. Bi. Mize nilimkuta kwake, chini ya mabati yake. Aliniambia kinyume.

"Usinihurumie, bwana shamba. Nimeshaandikwa mara moja na mtu aliyefahamu. Safari hii sema ulilolisikia, na kama hukusikia kitu, sema hukusikia."

"Nikisema sikusikia, kadhi ataamua nini?"

"Hapo ndipo tutajua," akasema, akanipa ukili wa kufungia kapu.

Kadhi amenipangia Jumatano. Bi. Mize amempelekea Bwana Vuai salamu kwamba jibu la barua yake asilitaraji kabla ya Alhamisi.